Mkono Ulioukanda Bure

Bibi yangu,

Ungekuwepo usingeniacha hata nimalize kukuamkia, ungeshauliza nimekula nini. Leo nisikilize tu. Nina jambo, na nimechagua kukuambia wewe kwa sababu huwezi kunijibu.

Unakumbuka hospitali ilipotuletea chanjo ya mafua, sisi wauguzi wa wodi ya wazee? Nilikusimulia mwenyewe, ukaishikilia. "Mafua yanawaondoa wazee hivi hivi," ulisema, "na mimi ni mzee. Usije humu ndani hujachanja." Jumamosi ile ilikuwa harusi ya rafiki yangu Shamsa, gauni langu lilikuwa la mikono wazi, na wenzangu walishanijaza maneno kwamba ile sindano inavimbisha mkono na kukulaza na homa. Mimi, ambaye cheti changu cha uuguzi ulikitundika ukutani kwako, nikayaamini. Nikachukua plasta kwenye toroli, nikajibandika begani, nikapanda basi la mwendokasi mpaka kwako Gerezani.

Ulivyofurahi! Uliinjika maji, ukachovya kile kitambaa chako cha kijani, ukanikanda mkono taratibu kuzunguka plasta.

"Pole, mwanangu. Unauma sana?"

Nikakunja uso, nikasema unauma. Ulinikataza hata kusuuza vikombe. Nilikuwa najizuia kucheka.

Alasiri hiyo Bi Zuhura wa chumba cha mbele alikuja na birika lake la kahawa, kama kila siku. Akakohoa. "Ni hizi pilipili manga ninazotwanga, jamani," alisema. Nikaweka sauti yangu ya wodini: "Bibi, huyu hajachanja. Asiingie humu mpaka mafua haya yapite." Miaka yote mliyopanga nyumba moja, mkagombana na kupatana, na ukamsimamisha mlangoni kwa neno langu.

"Zuhura, shoga yangu, usinielewe vibaya. Mjukuu wangu kasema."

Aliliacha birika kizingitini, akarudi kwake.

Mimi nikaendelea kuingia. Wiki iliyofuata wodi nzima ilikuwa inakohoa, nami nikaja na mafua yangu kukupikia uji, nikikoholea kwenye mtandio. Nikakwambia ni vumbi la Kariakoo. Hukuwa na wasiwasi, maana nilikuwa nimechanja.

Ulipougua, siku ya nne ulikuwa huwezi kumaliza sentensi bila kutafuta pumzi. Ya tisa tulikuzika. Huenda ungeugua hata kama ningechanja, chanjo haizuii kila kitu. Hiyo "huenda" ndiyo inayonipa usingizi, na najichukia kwa kulala vizuri.

Msibani Bi Zuhura alikaa koridoni. Hakuingia chumbani kwako hata wewe ulipokuwa umeshatolewa. Alinivuta kando.

"Sikuingia hata siku moja," aliniambia. "Lakini kikohozi changu si kingeweza kuvuka mlango?"

Ningesema neno moja tu, hapana, lingetosha. Lakini angeuliza basi ni nani. Nikamjibu, "Inawezekana, Bi Zuhura."

Alikaa chini pale pale, akaziba mdomo kwa khanga kana kwamba bado anakohoa. Tangu siku hiyo hatwangi tena. Kinu amekigawa.

Sasa ninaishi chumbani kwako. Kati ya mlango wangu na wake ni hatua nne, na nimeona rahisi zaidi kumwandikia marehemu.

Jana nimechanja kweli, Bibi. Mkono unauma, lakini si sana, gauni ningelivaa bila shida. Bi Zuhura aliniona koridoni nimeshika bega lenye plasta. Akaenda kuinjika maji. Akanikanda kwa kitambaa chako cha kijani, kile nilichompa nilipokuwa nagawa vitu vyako.

"Pole, mwanangu," alisema. "Afadhali wewe unachanja. Mimi nilimuua mwenzangu."

Nikamsogezea mkono, aendelee.

Ni mimi mjukuu wako,
uliyemfungulia mlango.