Friji ya Mama Haijafa

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kimbelembele,

Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi ya huko? Na wanangu, wanakula? Sisi wazima. Mama goti linamsumbua kidogo, ila ulimi haujambo kabisa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, zote nikiwa nimesimama. Unasema nyumba isiyoweza kutunza insulini ya Mama haimfai, hivyo mwezi ujao unamhamishia kwako. Nimekusikia. Sasa nisikie mimi.

Ni kweli barafu ilijaa kwenye friza hata droo ikagoma kuvutika, na huku chini kukawa vuguvugu. Ni kweli dawa ilihamia kwa jirani, Mama akawa anapiga hodi kila asubuhi kuomba kilicho chake. Hilo liliniuma kuliko maneno yako.

Yule fundi uliyempigia simu alikuja, hata kuinama hakuinama. "Imekufa hii, mama. Nunueni nyingine." Nikamuuliza, "Kwenu mtu akikohoa mnachimba kaburi?" Akaondoka na mkoba wake, hajaufungua.

Nikaichomoa mwenyewe kwenye umeme. Milango wazi, bakuli la maji ya moto ndani, matambara sakafuni. Kisu nilikificha, maana Mama alishaanza kukinyemelea, na ukichokoa barafu kwa ncha unatoboa bomba la gesi. Hapo ndipo friji hufa kweli. Ilitiririka kwa muda wa saa sita. Nikaiwasha, ikapoa vizuri. Siku ya nne, barafu nyepesi kama unga ikarudi.

Nikajiuliza: barafu ni maji, na maji haya yanaingilia wapi? Nikabana karatasi mlangoni, nikaivuta. Pande tatu ilikataa. Upande wa juu ikachomoka bila ubishi.

Kumbe ni kile kitambaa cha kufuma cha juu ya friji, alichotuletea mkeo! Mama alikivuta mbele ili maua yaonekane, pindo likawa linabanwa na mlango, na hewa yenye unyevu inaingia kutwa kucha. Na anayekipiga pasi kila Ijumaa na kukirudisha palepale ni mimi, niliyemfukuza fundi. Cheka, nimekuruhusu.

Kitambaa sasa kiko juu ya redio. Mpira wa mlango nimeufuta kwa maji ya sabuni, barafu nikaiyeyusha upya. Leo ni siku ya kumi na mbili: friza safi, kipimajoto cha chini kinasoma nyuzi nne. Chupa zilizopata joto nilimrudishia mfamasia. Zile mpya Mama alikwenda kuzichukua mwenyewe kwa jirani, akapiga hodi ya mwisho.

Kwa hiyo tiketi uliyomkatia irudishe. Wewe hukumuuliza Mama, mimi nimemuuliza. Alikuwa anapanga chupa zake, wala hakugeuka. "Mwambie mwanangu, kilichokuwa kinavuja ni mlango, si mimi."

Wasalimie mkeo, mapacha, na shangazi akipita hapo kwenu. Mungu akupe afya, na subira ya kuuliza kwanza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyekuogopa.