Siku Walipokuja Kukamata Mali ya Hamadi

Micheweni, Pemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kinakupa nafasi ya kulala? Mimi ni hai, alhamdulillahi, ila mkono mmoja umefungwa bandeji. Usishituke, nitakueleza.

Ulishasikia kuwa mume wangu Hamadi alimkata jirani panga kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, akatoroka. Korti ilimwita, hakutokea. Hakimu akaamuru mali yake ikamatwe mpaka ajilete. Kumbe alijificha kichakani, nyuma ya nyumba yetu, kaka yake akimpelekea chakula. Wallahi sikujua.

Asubuhi moja wakaja tarishi wa korti na askari wawili. Wakatoa vyombo vyote uani. Walipofikia samadari ulonipa, nikajitupa juu yake.

"Kitanda hiki changu! Nimekuja nacho kutoka Unguja!"

"Kimo nyumbani kwa Hamadi, ni cha Hamadi," akasema tarishi.

Askari akanivuta nywele. Nikamng'ata. Akanipiga rungu la mkono, nikausikia mfupa ukivunjika. Nililia mpaka majirani wakajaa, lakini nani angewagusa watu wa serikali?

Kisha wakamfungua ng'ombe wa Hamadi wa mchezo, lile dume jeusi analolichezesha uwanjani watu wakishangilia. Hapo Hamadi akachomoka kichakani na panga.

"Liachieni gombe langu!"

Akamkata askari bega. Yule mwengine akampiga rungu la kichwa, akaanguka, naye akaendelea kumpiga pale chini, damu na meno mchangani. Nikapiga kelele amwache, maana ni mume wangu. Lakini Mama, alinisikia navunjwa mkono, akatulia tuli. Aliyemtoa ni ng'ombe.

Sasa amefungwa. Nilipeleka mashahidi kwa hakimu kuwa vyombo vingine ni vyangu, nikarudishiwa kitanda na cherehani yangu. Ng'ombe amenadiwa, maana Hamadi hakujileta, alikamatwa. Siku hiyo ya mashahidi Hamadi, pingu mikononi, akaniita mlangoni pa korti:

"Bi Asha, nisubiri. Nitatoka."

"Nilikusubiri siku ile uani," nikamwambia. "Nipe talaka yangu."

Akatazama chini, kisha akaitamka.

Nisalimie shangazi, na mdogo wangu aliyejifungua, mwambie nimefurahi. Kaka aje bandarini kunipokea meli ya wiki ijayo. Hapa sina wa kunistiri, Mama. Eda yangu nitaikalia kwako.

Mwanao akupendaye,
Asha