Machozi Yenye Banaomba

Siku ya yenga, 1 Juin

Kilio iliisha, bote balienda. Viti, bâche ya kivuli, baimbaji ya chorale ya paroisse, bote. Sasa ni mi na nyumba. Nilipika bukari, ugali ya bantu wawili — mukono inasahau! Bwana yangu Alphonse tulimuzika, na miye naendelea kumupikia. Ile yake nikapatia kuku ya jirani. Kubakia pekee ni kubaya, kubaya sana.

Siku ya pili, 3 Juin

Mukuka alikuya, ule jirani mwenye alisoma ku Chine. Kampemba yote inamuita Bouddha, ju kule njo alitoka na ile dini. Hakusema "jikaze mama". Aliikala tu pembeni yangu. Nyuma akaniambia: maumivu ikikuya usiikimbie, usiifukuze. Ikala nayo, pumua, iangalie. Kintu yote yenye inakuya inapita. Nikamujibu miye ni mukatolika, nalala na rozari. Akacheka. Rozari haikatazi muntu kupumua, mama Léonie.

Nilijaribu. Kwanza ilikuwa mateso: kikohozi ya Alphonse, viatu yake pa mulango. Sikukimbia. Nikalala busingizi. Mara ya kwanza tangu kilio!

Siku ya ine, 5 Juin

Dorine, dada ya Alphonse, alinikuta pa mukeka, natulia, napumua. Akaniangalia macho. Kavu. Akasema mwanamuke mwenye halilie bwana yake, ni yeye njo alimukula.

Miye! Nimukule Alphonse! Mu famille yao ni vile: macho kavu, ni bulozi, uchawi ya kuua. Posho, kesho kutwa, batakutana hapa mu kiwanja. Nilie mbele ya bote, ao nitoke mu nyumba. Nyumba yenye tulijenga sisi wawili, miye nikibeba mayi ya matofali ku kichwa! Nilikasirika sana. Chozi? Hata moya.

Siku ya tano, 6 Juin

Nilikata kitunguu. Haya gani! Macho iliwaka, nikanawa, ikaisha.

Nikaenda kugombana na Mukuka. Dini yako ilinikausha, na kesho batanifukuza! Akasikia haya kabisa. Mama, mi sikukukataza kulia. Machozi nayo inakuya, inapita. Lufu, hii kifo, inafundisha kintu moya: bote tunaumia, hata ule mwenye anakutukana.

Aa, huyu hajue Dorine!

Nilirudia. Nilitafuta muntu wa kuambia woga yangu. Hakuna. Njo naandika.

Siku ya posho, 7 Juin

Baridi. Bako mu kiwanja, nasikia viti. Nilifunga chumba. Baba Chomba, mukubwa ya famille, anaita: Léonie, toka, tunakungoya. Niko napumua. Macho kavu.

Sasa Dorine. Nilizani atanitukana — hapana. Analia. Haiko ile kilio ya kuimba mbele ya bantu. Anavunjika. Ni Alphonse kaka yake anaita: yaya Fofo, yaya Fofo, nani ataniita Dodo sasa? Nani amebakia?

Hakuna mwenye anamutuliza. Bako bengi kule inje, na ule mama iko yake pekee, sawa na miye.

Mungu wangu, inakuya! Machozi, ya nguvu, karatasi inalowa. Na ni Dorine njo namulilia! Nikitoka sasa batasema nalilia nyumba. Baseme. Nikibakia humu, atalia yake pekee.

Baba Chomba anagonga tena. Kitenge yangu iko wapi —

Dodo, ngoya, nakuya