Alternata ya Injini ya Zamani

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila magoti yananikumbusha umri kila asubuhi. Wewe u mzima? Unakula? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe ni mtu wa "sawa, sawa mama", kisha unakata. Barua hutaweza kuikata.

Pikapu ya marehemu baba yako inaniaibisha. Nikiwasha jokofu la maziwa kule nyuma, taa za mbele zinafifia mpaka siioni barabara, na betri inakufa kabla sijafika kiwandani. Juzi nimemwaga maziwa yaliyochacha njiani, na mwenye kiwanda amesema yakiharibika tena atatafuta mtu mwingine wa kumletea. Fundi wangu, yule ninayemwita Taratibu kwa mwendo wake wa kazi, anasema alternata iliyopo, kile kifaa kinachozalisha umeme wa gari, ni ndogo, haiwezi kulisha jokofu. Inatakiwa kubwa zaidi.

Njoo, mwanangu, hata kwa wiki moja. Wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia baba yako tochi akifungua injini. Njoo uitazame na fundi, mchague pamoja, nami nikutazame wewe. Kwenye mazishi hukuwahi, nikanyamaza. Safari hii sinyamazi.

Mama yako

29 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na magoti yamepoa. Mimi mzima, kazi tu ndiyo inanitafuna. Hapa ghalani wamepunguza watu, na anayeomba likizo sasa ndiye anayefuata kupunguzwa. Kuja mwaka huu haiwezekani, mama, usinielewe vibaya.

Lakini nimekutafutia dawa. Nimekutumia alternata mpya, yenye nguvu mara mbili ya ile ya zamani. Nimezunguka maduka ya vipuri kila siku ya mapumziko mpaka nikapata ya injini yetu ileile. Injini ile naijua hata nikifumba macho. Mwambie Taratibu abadilishe na ule waya unaokwenda kwenye betri, aweke mnene, maana mwembamba utaungua. Mkanda nao uwe mpya. Jokofu litagandisha mpaka majirani waje kuomba barafu.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

U hali gani huko? Mimi sijambo. Mzigo wako umefika. Niliuweka sebuleni, nikawaita majirani waje waone. Kila aliyeingia aliubeba kidogo aone uzito wake. Yule jirani mwenye cherehani akasema, "Kumbe hajakusahau." Nilifurahi, nisikufiche.

Kisha akaja fundi. Akaigeuza alternata, akainamia injini, akaigeuza tena, akaniuliza, "Mwanao aliinunua kwa ajili ya gari gani?" Mwanangu, injini unayoijua wewe haipo. Baba yako aliitoa akaweka ya dizeli mwaka ule alioanza kuugua, na nilikueleza kwenye simu. Ulisema sawa, sawa.

Taratibu anasema vishikizo vya kuifungia kwenye injini si tatizo, vinaweza kuchomelewa. Tatizo ni kwamba alternata ya dizeli hii ina pampu ndogo mgongoni, na pampu hiyo ndiyo inayovuta hewa ya kulainisha breki. Yako haina. Anataka tusubiri atafute pampu ya peke yake. Nami mwenye kiwanda hanisubiri. Nifanyeje? Ungekuwa hapa nisingeuliza kwa barua.

Mama yako

20 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimesoma barua yako na nimekasirika, si kwako, kwa huyo fundi. Mafundi wa huko wakiona kitu kipya lazima wakitafutie kasoro, wapate kazi ya pili. Alternata ni alternata. Breki ni pedali na mafuta, mama, hata baba alinifundisha hivyo. Mimi huku nahangaika, halafu kitu kikae sebuleni kama pambo?

Mwambie aifunge. Akikataa, mtafute mwenye moyo wa kazi.

Mwanao

11 Julai

Mama,

Shikamoo. Simu yako haipatikani na barua zangu hujibu. Leo ndiyo nimempata jirani, ameniambia uligonga ukuta wa kiwanda na umelazwa. Siwezi kufanya kazi. Huyo Taratibu ni mwizi na muuaji. Nimemwandikia na kumwambia hivyo. Niambie kituo gani cha polisi niwaandikie, ashtakiwe.

Na usiwaze habari ya usafiri. Nitakutumia gari jingine. Niambie tu unataka la aina gani.

Mwanao

9 Agosti

Mwanangu,

Sijambo kidogo, nimesharudi nyumbani. Nyonga ilivunjika. Mwanzoni daktari alikuwa akisema nitatembea lini, sasa anasema kama nitatembea. Wewe u mzima? Namshukuru Mungu.

Alternata yako inafanya kazi. Taa ziliwaka kama mchana, jokofu likagandisha. Nilipoanza kushuka mteremko wa kiwandani na mzigo umejaa, nikakanyaga breki, na ilikuwa kama kukanyaga jiwe. Mtu mwenye nguvu angeisimamisha. Mimi sikuweza. Getini kulikuwa na watu wamepanga foleni, nikakata usukani kwenda ukutani. Maziwa yalimwagika yakiwa baridi kabisa.

Sasa habari ya fundi. Alikataa kuifunga. Nilimsomea barua yako, akakataa tena. Nikamwambia, "Ifunge. Nimeshawaambia watu wote kwamba mwanangu ndiye aliyeileta." Akaifunga, ila akaniomba nisibebe mzigo mpaka pampu ipatikane. Nikamwahidi, na kesho yake nikabeba. Nilijua breki zimekuwa ngumu. Niliona bora breki ngumu kuliko watu kusema mwanangu halijui hata gari la kwao.

Na kweli hulijui. Nimelala hapa nikilifikiria hilo, na limeniuma kuliko nyonga. Nilikuwa nakulinda usiaibike mbele ya watu ambao wewe mwenyewe huwajui tena kwa sura. Nina hasira na wewe, mwanangu. Sijawahi kukuandikia maneno hayo, na leo nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Taratibu amesoma ulichomwandikia, akakikunja, akakitia mfukoni. Ndiye anayeazima gari kunipeleka hospitali na kunirudisha. Usimwandikie tena.

Umeniuliza nataka gari la aina gani. Usinitumie gari. Usinitumie kitu chochote. Nimemwambia jirani mzigo wenye jina lako ukifika aurudishe. Ukija mwenyewe, sukuma mlango uingie. Siku hizi haufungwi, maana siwezi kuinuka kumfungulia mtu.

Mama yako