Siku saba za kuwaonyesha Rauma

Jumanne, 18 Julai

Wamefika. Virve kakonda – au ni koti. Mumewe, Duarte, kanikumbatia getini mbele ya mtaa mzima. Binti yangu mwenyewe alinipa mkono tu, kama inavyotakiwa. Nilisimama kama nguzo. Mikono yangu sikujua niiweke wapi.

Vieno, jirani, kaona yote. Ana kile kioo cha umbea, kimefungwa nje ya dirisha lake, kinamwonyesha barabara pande zote mbili bila yeye kutoa kichwa. Kahawa haijachemka, huyo mlangoni, eti kaleta maandazi ya iliki.

"Mreno wako ana mikono mirefu," kasema.

Mezani Virve kaangalia dari, jiko la kuni, ngazi. Hakuuliza kitu. Barua yake ya Machi ilisema wanakuja "kuangalia". Kuangalia nini, hakuandika, ila hata paka anajua: kama watahama Ureno warudi hapa Rauma, Ufini, waichukue nyumba hii. Mimi magoti yamegoma. Baridi iliyopita kila kikapu cha kuni nilikibeba kwa vituo vitatu. Wakikataa, nyumba inauzwa, nami nahamia kwenye maghorofa ya wazee, yenye lifti na bingo.

Nataka wabaki. Nimeshaandika. Inatosha.

Jumatano, 19 Julai

Nimewatembeza. Nyumba za mbao zile zile, mawe ya barabarani yale yale. Miaka arobaini na moja nimetengeneza madirisha ya mji huu, kwa hiyo nimeonyesha ninachokijua. Nyumba ya njano ya kona: fremu za chini zimeoza, wamepaka rangi juu ya uozo. Nyumba ya mwalimu mstaafu: aliyeweka puti ya kushikilia vioo upande wa kaskazini alikuwa na haraka, au kalewa. Nyumba ya mjane wa kapteni: vioo vya zamani, vimepinda.

"Mbingu inacheza ndani yake!" Duarte kasema. Virve kanitafsiria.

Huyu anasifu kila kitu. Geti – zuri! Bomba la maji ya mvua – zuri! Kamsalimia mtu asiyemjua, mtu kavuka barabara kumkwepa.

Virve kasimama katikati ya uwanja wa soko. "Baba, kuna chochote unachokipenda hapa?"

"Si mbaya," nimesema.

Sijui alimtafsiria nini mumewe, wakacheka. Kwetu "si mbaya" ndiyo sifa ya juu kabisa. Juu yake kuna hotuba za mazishi tu. Virve alikuwa anajua hilo. Miaka kumi na sita ya Ureno imemfutia.

Alhamisi, 20 Julai

Mvua. Nimempigia dalali wa nyumba. Anakuja Jumatatu saa nne asubuhi.

Nimewaambia wakati wa supu. Nimefanya kwa ajili yao! Wasijione wamebanwa. Mlango uko wazi, wakitaka kutoka watoke, hakuna atakayelia. Huo ndio uungwana.

Virve kaweka kijiko chini. "Kumbe umeshaamua."

Nikasema supu inapoa.

Saa nane mchana ikanijia kwamba pengine haikusikika nilivyokusudia. Nimeshuka karakana, nimepanga misumari kwa ukubwa. Kisha nimeipanga tena.

Ijumaa, 21 Julai

Mnara wa bandarini. Magoti yalikataa ngazi, nikabaki nayo chini. Niliwaona juu kule, Virve ananyoosha kidole: shule yake, pengine. Paa letu. Makaburini kwa mama yake. Dakika arobaini. Nimekula aiskrimu mbili, sikusikia ladha ya hata moja.

Kashuka macho mekundu.

"Upepo," kasema.

"Huko juu upepo upo," nikasema.

Bendera ilikuwa imening'inia kama taulo.

Jumamosi, 22 Julai

Wiki ya Lesi, sikukuu ya mji, imeanza, mji hautembeki. Kina mama wamekaa nje wanasuka lesi, vijiti vyao vya uzi vinagongana kama mvua ya mawe. Duarte kasimama nusu saa kwa bibi mmoja, anachungulia. Bibi bila kuinua kichwa: "Wewe kaa, au sogea. Unaniziba mwanga." Virve katafsiri. Duarte kakaa! Bibi kamshikisha vijiti viwili, kamkaripia, kampiga kofi mkononi. Alirudi na uso wa mtu aliyepewa nishani.

Jioni sauna. Virve alitangulia, kisha zamu yetu wanaume. Uchi wawili, benchi la juu. Nimemwagia mawe maji, mvuke ukapanda, hakukimbia. Tukanyamaza vizuri. Nikaanza kumwona mtu.

Halafu akasema, kwa Kifini chake cha kuokoteza: "Mzee. Sisi kukaa hapa. Wewe kutaka?"

Angeuliza kuhusu kuni! Angeuliza kuhusu puti! Nikamwagia mawe maji tena. Nikajibu kama angejibu baba yangu, na baba yake:

"Mtafanya mnavyoona vyema."

Mtu mzima hasukumwi. Anaachiwa nafasi. Ukimpenda zaidi, unamwachia nafasi zaidi. Kila mtu hapa anajua.

Duarte kaitikia kwa kichwa polepole. "Sawa," kasema. Katoka kujimwagia maji.

Sawa, basi. Mtu ambaye hata bomba la mvua hulisifu kwa sentensi tatu, mimi kanipa neno moja.

Jumapili, 23 Julai

Wanaangalia tiketi za ndege kwenye simu. Nikiingia chumbani, simu inageuzwa.

Vieno kanikamata kwenye mapipa ya taka.

"Wanaondoka?"

"Wataamua wenyewe."

"Umewaambia unataka wabaki?"

"Nimewaachia nafasi."

"Nafasi! Aulis, we mzee, umewaachia nafasi hadi watafika Ureno! Na dalali juu yake! Marehemu mume wangu aliniachia nafasi miaka hamsini na miwili. Mpaka leo sijui kama aliipenda supu yangu."

"Alikuwa anaimaliza."

"Alikuwa anamaliza hata chakula cha mbwa. Sema neno moja. Mdomo hautachanika."

Nimejaribu mbele ya kioo cha kunyolea. Bakini. Linatoka kama amri ya jeshi. Ningependa mbaki – tangazo la benki. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja – hapo naomba huruma, bora bingo. Virve kaingia kuchukua mswaki.

"Unaongea na nani?"

"Nanyoa."

Sikuwa na povu.

Jumatatu, 24 Julai

Sikulala. Saa kumi na mbili nimeandika kikaratasi kwa penseli ya karakana. Neno moja: Bakini. Hapa mambo magumu huandikwa kwenye vikaratasi – nani hajatoa taka, nani kaegesha baiskeli ngazini. Saa tatu, wao bado wamelala juu, nimekiweka mezani, birika la kahawa juu yake. Kisha nimekuja ghala la kuni, hatua mbili kutoka dirisha la jikoni lililo wazi. Kuni, Julai! Naandikia juu ya gogo.

Dalali kafika robo saa mapema. Kavua viatu, nasikia soksi zake zinazunguka nyumba yangu. Anapima. Anasifu madirisha. Ningemwambia la chumba cha nyuma linavyokwama, ila sipo.

Wameingia jikoni wote. Vikombe. Virve anasema nimekwenda kuleta kuni. Dalali anauliza kuni za nini.

Birika limeinuliwa. Naujua mlio wake kwenye meza ile.

Kikaratasi kinachakarika.

Dalali anauliza dari lilitengenezwa mwaka gani. Hajibiwi. Duarte anauliza kitu kwa Kireno. Anauliza tena. Virve anamjibu kwa sauti ndogo, neno moja.

Hatua uani. Virve, peke yake, soksi tupu juu ya nyasi zenye umande. Kikaratasi mkononi.

"Baba. Hiki ni cha nani? Ni chetu au cha dalali?"

Sikuandika jina. Miaka yote hii ya kuandika, nikaacha jina!

Nimemwambia asubiri, namalizia mstari.

"Haya, maliza."

Amekaa juu ya magogo. Haondoki. Duarte naye kaja, kasimama mlangoni, mikono mirefu kaifunga nyuma. Jikoni dalali anaita kuuliza kama geti linauzwa pamoja na nyumba.

Virve anaitazama penseli yangu.

Mstari umekwisha kitambo. Huu ni mwingine. Na huu ni wa mwisho: naweka penseli chini, niseme ni chenu.