Vidonge Viwili Chini ya Mwezi

Nairobi

Kwa mdogo wangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, mumeo Bwana Shee amepata nafuu ya goti, na nyumba yenu hapo Faza haivuji tena upande wa jikoni. Mimi ni mzima, isipokuwa ile sukari, ambayo nitaieleza mahali pake. Baridi ya huku imenifundisha kuvaa soksi mbili, na jirani yangu hunisalimu kwa kichwa tu, kana kwamba maneno yanauzwa.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wiki iliyopita uliniuliza jambo nami sikukujibu. Ulisema, "Dada, dawa si imeshapatikana? Sasa iko ndiani mpaka lini? Ramadhani hiyo yaja, na mwanangu Rukia asema atafunga." Nikakwambia nitakueleza. Jibu ni refu, na sehemu yake moja inanihusu mimi. Kwenye simu ungelia kabla sijafika mwisho, kisha ungeelewa nusu. Soma hii mpaka chini ndipo ulie, ikiwa bado utataka.

Wajua kwamba tangu niache kufundisha nimeajiriwa katika kampuni inayotengeneza dawa. Kazi yangu ni lugha. Dawa mpya haiendi dukani kwa sababu tu imetengenezwa. Lazima kwanza wakaguzi wa serikali wapelekewe jalada la maombi, lenye kila kitu: imetengenezwaje, imejaribiwa kwa nani, imemfaa nani, imemdhuru nani. Nasoma muhtasari wa jalada hilo, nanyoosha sentensi, kisha naandika karatasi ya maelezo ambayo mgonjwa huikuta ndani ya boksi. Vile vidonge vya kifafa nilivyokutajia, vya kumeza mara mbili kwa siku badala ya mara tatu, ndivyo tulivyokuwa tunaviandalia jalada.

Nilipokutajia mara mbili kwa siku, ulipiga kigelegele kwenye simu. Nilijua umeona nini. Uliona Rukia akimeza kimoja wakati wa futari na kimoja wakati wa daku, akifunga kama wenzake, na wale watu walioleta posa wasijue lolote. Sikukukatiza. Nami niliona hivyo hivyo.

Sasa nikueleze tulivyofanya kazi, maana humo ndimo lilimotoka jambo lenyewe. Jalada lilikuwa malundo ya karatasi, kila mtaalamu ameandika kipande chake, na hakuna aliyejua kipande cha mwenzake kinasema nini. Mwenzetu mmoja, Bi Njeri, ambaye ndiye mpangaji wa kazi, akaja na kadi na kalamu za rangi. Alitaka tulichore jalada kwanza, tukio baada ya tukio, tuzibandike picha ukutani kwa mfuatano kama hadithi, ndipo tuandike.

"Mwalimu," akaniambia, "leo usitusahihishe. Leo tunachora."

"Mimi niliitwa kusoma sentensi," nikasema. "Kama ni katuni, tafuteni mtoto wa chekechea."

"Mtoto wa chekechea angekuwa amekaa kitako kitambo," akasema Njeri, na wote wakacheka. Nikakaa.

Sharti lake lilikuwa moja. Chini ya kila picha huandikwa jina la karatasi inayoithibitisha. Picha isiyo na karatasi hubanduliwa. Niliona ni sharti la haki, nikalikubali. Akachora mgonjwa ameanguka sokoni. Akachora kiwanda. Akachora daktari na mgonjwa wakati wa majaribio. Ilikuwa michoro mibaya, watu wana vichwa kama maembe, lakini lazima niseme kwamba kwa mara ya kwanza niliona jalada zima kwa jicho moja, na ile dharau yangu ikapungua.

Tukafika kwenye picha ya matumizi. Alichora jua linachomoza, na kidonge kimoja. Alichora jua linatua, na kidonge kingine. Chini yake Daktari Otieno, mkuu wetu, akataka tuandike kwamba dawa hii yawafaa pia wanaofunga, kwa kuwa haimezwi mchana. Sentensi hiyo nilikuwa nimekwisha kuisoma katika muhtasari. Nilikuwa nimeirekebisha viambishi na kuipitisha.

Safari hii niliiangalia picha, nikakiona chumba chako cha ndani. Mwanaisha, sisi daku tunaila saa ngapi? Tunaila usiku ungali mkubwa, watu wakalala tena hadi adhana ya alfajiri. Na futari, mpaka watu watoke tarawehe, wanywe uji, wapumzike, ndipo mtu akumbuke kidonge. Vidonge vyote viwili vinaingia tumboni usiku mmoja, kimoja kinakikanyaga kingine, kisha mchana mzima mwili hauna kitu.

Nikasema, "Njeri, futa jua. Kwetu vidonge hivi viwili vyote viko chini ya mwezi."

Akageuza kadi, akachora mwezi na vidonge viwili vimekaribiana, na pembeni jua kubwa la saa sita lisilo na kitu.

Daktari Otieno akasema, "Mwalimu, sentensi hiyo ndiyo nguvu yetu. Dawa nyingine haziwezi kuisema."

"Ni sentensi safi, Daktari. Nimeisafisha mwenyewe. Lakini picha yake ina karatasi gani chini?"

Daktari si mtu mbaya. Aliisoma kadi ile upya, kisha akamwagiza anayeshughulikia takwimu awatenge wagonjwa wa hospitali za pwani waliokuwa kwenye majaribio, aangalie mwezi wa mfungo peke yake. Majibu yalipokuja, yalikuwa kama nilivyohofia. Waliofunga walianguka zaidi mwezi ule kuliko miezi yao mingine. Katika jumla ya mwaka kuanguka kwao hakukuonekana, kwa sababu ni wachache.

Sentensi imeondolewa. Jalada halitapelekwa sasa. Patafanywa ufuatiliaji mwingine wa wagonjwa wanaofunga, na mpaka uishe, wakaguzi hawatapewa kitu. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: dawa haitakuwepo Ramadhani hii, na pengine hata ijayo. Na aliyeichelewesha ni mimi dada yako, kwa kinywa changu mwenyewe.

Sikuombi msamaha kwa hilo. Kama ningenyamaza, dawa ingefika Faza ikiwa na ruhusa ya maandishi ya kumwangusha Rukia. Ungemkabidhi wewe mwenyewe kwa mkono wako, ukiwa na furaha.

Mwaka jana aliangukia kikaango cha sambusa. Nimeuona mkono ule ulioungua. Hakuanguka kwa kukosa dawa, dawa anayo. Alianguka kwa sababu aliacha cha asubuhi na cha mchana ili aonekane amefunga. Nasi, mimi na wewe, tulijua, tukasema mtoto ana imani. Imani anayo, alhamdulillahi, lakini Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa, na Rukia huijua ruhusa hiyo vizuri kuliko sisi, maana ndiye aliyehitimu chuo cha Kurani. Anachokiogopa ni macho. Msichana akila siku chache katika mwezi, wanawake huelewa wakanyamaza. Akila mwezi mzima, wataanza kuulizana ana nini, na habari itafika kwa watu wa posa.

Basi na ifike. Bwana harusi asiyeweza kusikia neno kifafa akiwa kwao ameketi, ataweza vipi kuliona likitokea chumbani kwake? Mwambie Bwana Shee awaeleze hao wenye posa kabla ya mwezi wa Shaaban kwisha. Na ninyi msibadilishe dawa wala saa zake kwa kubahatisha. Mpelekeni kwa daktari wake wa hospitali mapema, amweleze ratiba yake mbele yako.

Sasa ile sukari. Daktari wangu amenikataza kufunga. Mwaka jana nilifunga hivyo hivyo, nikalazwa, nikawaambia ni homa. Mimi niliyewachapa nyote kwa kula embe kisimani mchana wa Ramadhani, niliona aibu kuonekana na gilasi ya maji.

Siku ile ofisini, kila mtu alipokuwa ameondoka ukutani, Njeri alibaki na mimi, nikamsimulia habari za Rukia. Akaniuliza, "Huyu msichana wako wa pwani, ni nini kingemfanya ameze mchana?" Nikasema labda akimwona mtu anayemheshimu anameza pia. Akachora: jua la saa sita, msichana na kidonge, na pembeni mwanamke mzee mwenye kichwa kama embe, ana gilasi mkononi. Akaibandika mwishoni mwa mstari. Kesho yake ikabanduliwa, kwa kuwa haikuwa na karatasi chini yake. Sharti ni sharti. Nami sikupinga.

Picha hiyo nimeikunja humu ndani. Mpe Rukia. Nimeomba likizo, nitafika kwenu kabla ya mwezi kuandama, nikae mpaka Idi. Kila adhuhuri tutaketi sebuleni mimi na yeye, mlango tutauegemeza tu bila komeo, atakayebisha hodi ataitikiwa karibu.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako mwenye dua, na yule wifi wako fundi wa kofia, mwambie kofia ya mwanangu bado naingoja. Msalimie pia mwalimu wa chuo aliyemsomesha Rukia. Rukia mwenyewe usimpe salamu zangu; mwambie aniandalie gilasi mbili.

Ni mimi dada yako,
Zuhura