Kaburi la Boga Limeonekana

Melini, Bandari ya La Koruña,
Uhispania.
12 Septemba, 1964

Mpendwa Dada Mwanapili,

Shikamoo, dada. Salamu zikufikie wewe na wote hapo Gazi. Mguu wako uliokuwa ukivimba umepoa? Shemeji Suleiman hajambo? Mimi mzima, nimenenepa, na kapteni hali chakula kisichopita mkononi mwangu.

Mashine ya meli imeharibika, tukapewa ruhusa. Wenzangu wakakimbilia vilabuni. Mimi nikajitia mtalii. Hapa pana mnara wa taa walioujenga Warumi, na hadi leo unawaka. Nikawaambia wenyeji kwamba na sisi Kenya tumewasha taa yetu ya uhuru Desemba iliyopita. Wakanipigia makofi, ingawa Kenya hawaijui iliko.

Kisha Santiago, mji wa mawe matupu. Mahujaji wa Kikristo huja kwa miguu, kifuani wamening'iniza kombe la chaza. Makombe tunayoyakanyaga sisi hapo mikokoni! Kanisani nikaona chetezo kikubwa kama pipa, wanaume wanane wanakibembeza kwa kamba. Kingefukizwa udi hapo kwetu, Msambweni wangeuliza nani anaoa. Na kuna sanamu ya mtakatifu wao juu ya farasi, anawakata Waislamu kwa upanga. Kofia yangu ikaingia mfukoni yenyewe.

Lakini dada, sikuwa natembea bure. Tangu meli ya mwanao Boga izame pwani hii mwaka juzi, umekataa kumsomea hitima mpaka ujue amelala wapi. Bandarini nikaambiwa kijiji walikozikwa mabaharia wale. Kiko kwenye njia nyingine ya mahujaji, iendayo kwenye kanisa dogo juu ya jabali. Watu huku husema asiyekwenda huko akiwa hai atakwenda amekufa. Basi jamaa humkatia marehemu tikiti ya basi, wakamwachia kiti, na njiani wanazungumza naye.

Nilipopanda basi la mahujaji nikataka kukaa karibu na bibi mmoja, Karmen. Akanizuia.

"Pana mtu hapo!"

Kiti kitupu. "Nani?" nikauliza kwa Kihispania changu cha bandarini.

"Boga. Mwafrika tuliyeletewa na bahari. Walionusurika walituachia jina lake. Huku hana mtu, nampeleka mimi."

Dada, nilisimama wima njia nzima. Ningemkaliaje mpwa wangu?

Nikamwambia mimi ni mjomba wake, na tuliporudi kutoka kanisani akanipeleka kaburini, kijijini kwake. Limefagiliwa, lina maua, na msalaba. Nikamweleza kwamba sisi ni Waislamu. Akanipiga kofi la bega. "Miaka miwili, ndiyo unakuja kusema leo?" Akaung'oa mwenyewe, akaweka jiwe, halafu akajipigia ishara ya msalaba vile vile. Nikamsalia mwanetu. Yasini naijua nusu, nikaisoma mara mbili ikawa nzima. Nililia, usimwambie mtu.

Akaniuliza kama mama yake yu hai. Nikasema yu hai, ila hajalala vizuri tangu siku ile.

"Mwambie alale," akasema. "Huku nipo mimi."

Basi hitima isomwe, dada.

Nisalimie shemeji, na Mama Mdogo Mbeyu kule Bodo. Aache kuniposea, nitaoa nikishaikinai dunia. Mola akutie subira na akupe usingizi mwema.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Matano